Ukuta wa Kahawia

Wifi alilileta boksi Jumamosi asubuhi, amelifunga kwa karatasi ya zawadi kana kwamba kuna mtu anaolewa.

"Fungua bwana, fungua," alisema akiwa bado mlangoni, kiatu kimoja amekivua, kingine bado anacho. "Mwenzio sijalala tangu juzi."

Rangi alifuta mikono kwenye aproni. Rangi halikuwa jina lake. Ndivyo ukoo wa mumewe ulivyozoea kumwita, kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata tangu siku alipoingia ukweni. Alikuwa mchoraji, na ndani ya boksi lile ilikuwamo picha yake. Picha yenyewe, ile kubwa ya wanawake watatu wakipiga pasi kwenye chumba cha dobi, alikwisha kuiuza zamani, ikatundikwa mapokezi kwenye zahanati moja mjini humo. Hii ilikuwa picha ileile, imepigwa chapa juu ya kadibodi na kukatwa vipande mia tano, ili mtu akae mezani avirudishe kimoja kimoja mpaka wanawake watatu waonekane tena.

Wifi, dada wa mumewe, alikuwa msimamizi wa mauzo kwenye kiwanda cha kupiga chapa. Miaka yote kiwanda kilitengeneza kalenda na maboksi ya dawa. Hii michezo ya vipande ilikuwa wazo lake, na picha ya kwanza aliyoipigania mpaka kwa bosi ilikuwa ya wifi yake.

"Hiyo ni sampuli," alisema. "Kaa nayo, iunganishe yote, ikague. Halafu uniambie neno moja tu: ndiyo. Tuingize mzigo mtamboni."

"Na nisiporidhika?"

Wifi alicheka. "Hebu usinitanie, Rangi."

Mchana uleule Rangi alivimwaga vipande juu ya meza ya kulia chakula, meza pekee iliyokuwamo nyumbani. Kitu cha kwanza kumkera kilikuwa vumbi. Vumbi la kadibodi lilitoka pamoja na vipande likamjaa puani, akapiga chafya mpaka macho yakamtoka machozi. Cha pili kilikuwa nyuso. Zile nyuso alizozihangaikia wiki nzima, akichanganya rangi na kuikwangua, akichanganya tena, sasa zilikuwa na ukijani, kama watu waliotoka kutapika.

Mama mkwe wake alivuta kiti. Aliishi nao tangu magoti yaanze kumsumbua, na hakuna mchezo uliowahi kuchezwa nyumbani mle yeye akakubali kuwa mtazamaji.

"Hiki kinaingia hapa," alisema baada ya muda mfupi, akijipongeza.

"Mama, hilo ni sikio."

"Ndiyo, sikio."

"Hapo ni kwenye pasi."

"Sasa mbona limeingia?"

Rangi aliinama kutazama. Ni kweli, limeingia. Ulimi wa kipande chenye sikio ulikuwa umekaa ndani ya pengo la kipande cha pasi bila ubishi wowote. Alijaribu kingine, kisha kingine. Ndimi zote zilikuwa za umbo moja, kama zimetoka kwenye familia moja isiyooa nje. Kipande chochote kilikubali kukaa popote, isipokuwa, kwa ukorofi wake, pale kilipostahili. Hapo kiligoma. Mama mkwe alikuwa na dawa ya vile vinavyogoma: alikunja ngumi akakishindilia kimoja mpaka vikombe kabatini vikalia.

"Kimeingia."

"Kimeingia kwa ngumi, Mama."

"Kwani si kimeingia?"

Rangi alijaribu kukichomoa. Kadibodi ilitoka, lakini karatasi yenye picha ilibaki mezani, imebanduka nzima kama ngozi ya kidonda. Alikitazama kile kipande kilichobaki uchi mkononi mwake.

Jioni mumewe alirudi. Alikuwa fundi wa mafriji, mtaani wakimwita Bwana Baridi, na hata kwa tabia jina lilimkaa. Aliitazama meza, akaona hakuna pa kuweka sahani, akapakua akala amesimama, kaegemea fremu ya mlango wa jikoni.

"Inaendeleaje?"

"Usiniulize."

Hakuuliza. Siku iliyofuata alikula amesimama tena, na iliyofuata vilevile. Rangi alikuwa amesikia kwamba picha ya vipande iliyokatwa sawasawa, ukiishika kona baada ya kuiunganisha, hunyanyuka yote kama kitambaa. Alipofika nusu aliishika kona. Ilimeguka kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai, vipande vikatawanyika hadi chini ya kabati.

"Mchagua jembe si mkulima, mke wa mwanangu," mama mkwe alisema, akimtazama akitambaa sakafuni. "Mwambie mwenzio ndiyo, yaishe. Nasi tupate meza yetu."

"Jina langu liko juu ya boksi, Mama."

"Na la kwake liko wapi?"

Rangi aliendelea kutambaa, akiokota vipande. Baadaye alijuta kwamba swali hilo hata hakulifikiria.

Alikwenda kiwandani mwenyewe, boksi kalikumbatia. Wifi alimpokea kwa bashasha, akidhani neno la ndiyo limekuja kwa miguu, akampeleka moja kwa moja kwenye ukumbi wa mitambo ambako bosi alikuwa amesimama na fundi wa kukata. Kulikuwa na harufu ya wino na mashine zikiunguruma, na kinamama kama kumi wakikunja maboksi ya dawa kwenye meza ndefu.

Rangi alivimwaga vipande juu ya meza ileile. Akaonyesha nyuso za kijani. Akaonyesha karatasi inayobanduka. Akachukua sikio akaliweka kwenye pasi mbele ya macho yao.

Fundi wa kukata alikuna kidevu. Hakuwa mbishi. Aliwaonyesha kisu chenyewe, ubao mzito uliopachikwa vyuma vyembamba vilivyopindwapindwa, ambao ukishuka mara moja hukata picha nzima kwa mkupuo. "Hiki tulikipata kikiwa kimeshatumika," alisema. "Makali yamelala. Na yamepindwa kwa mtindo mmoja tu, ndiyo maana."

"Dada yangu," bosi alidakia, "tusikuze mambo. Mteja hanunui ulimi wa kipande. Mteja ananunua picha."

"Na akiweka sikio kwenye pasi likakaa, hapo amenunua nini?"

Kinamama wa maboksi walicheka. Kicheko kile ndicho kilichomponza Rangi. Alihisi ukumbi uko upande wake, siku zote zile za kutambaa chini ya kabati zikamjia kooni, akapaza sauti kuliko alivyokusudia. "Hii ni kazi ya bora liende! Na huyo aliyeipitisha mpaka ikanifikia mimi nyumbani, ama hana macho, ama hana haya."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mmoja wa wale kinamama alijitia kuokota kitu chini. Bosi alimgeukia Wifi taratibu, na Wifi alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Aliyeipitisha alikuwa yeye.

"Nimesikia," Wifi alisema hatimaye, kwa sauti ya ofisini. "Tutarekebisha." Akamsindikiza hadi getini, akamfungulia, akafunga.

Zikapita wiki za ukimya. Bwana Baridi, aliyezungumza na dada yake kwa simu, alileta habari kwa mafungu: kwamba Wifi ameomba kisu kipya, kwamba bosi amekataa, kwamba ameomba tena na kusema mchezo huu ukianguka, aanguke nao yeye. Kwamba kisu kimeagizwa.

"Amesema chochote kuhusu mimi?" Rangi aliuliza.

"Amesema usalimiwe."

"Kwa sauti gani?"

Bwana Baridi alifikiri. "Ya kawaida," alisema, akaenda kuoga.

Sampuli ya pili Wifi hakuileta. Ililetwa na dereva wa kiwanda, haina karatasi ya zawadi, na dereva hakutaka hata maji ya kunywa.

Lakini ilikuwa kazi safi! Rangi alitia mkono boksini akatoa kipande cha kwanza, akakipapasa kingo, hakuona vumbi. Kilikuwa kinene, na rangi ya ngozi kwenye shavu lile ilikuwa rangi yake hasa, ile yenye wekundu wa mvuke wa pasi. Ndimi zilikuwa za kila namna: nyingine nene, nyingine zimechongoka, nyingine zimepinda kama pua ya ndugu fulani wa mumewe. Kipande kilipopata mwenzake kilitoa mlio mdogo, tik, na hapo haking'oki. Mama mkwe alijaribu kushindilia cha uongo kwa ngumi. Kilimkatalia.

"Hiki kina msimamo," alisema kwa heshima.

Walicheka. Walifanya kazi kama watu wanaovuna. Mashuka meupe na kivuli chake cha buluu, gauni la maua la mwanamke wa kati, kikapu cha nguo zisizonyooshwa, pasi, mikono, nyuso zote tatu. Rangi alikuwa na maneno tayari kichwani, maneno mazuri ya kumwambia Wifi, na alikuwa akiyapanga wakati anaunganisha.

Kisha ukabaki ukuta.

Ulikuwa nyuma ya wanawake, wa kahawia, umechukua karibu theluthi nzima ya picha. Rangi alivikusanya vipande vyake vyote, akajipa moyo, akaanza. Akachukua kimoja akakijaribu upande wa juu, kikakataa. Upande wa chini, kikakataa. Akakigeuza. Akachukua kingine, na alipotaka kurudi kwa kile cha kwanza hakukijua tena kilikuwa kipi. Aliketi hivyo hadi mgongo ukamuuma, na kwa siku nzima alipata viwili.

Alilaumu taa, akabadilisha balbu. Akalaumu miwani. Kisha akaanza kulaumu kiwanda. "Wamechanganya," alisema. "Wametia vipande vya boksi jingine. Ama vimepungua. Haiwezekani." Alivihesabu, vikatimia. Alivihesabu tena kwa hasira, vikatimia kwa mara ya pili.

Bwana Baridi, aliyekuwa amesimama na sahani yake kwenye fremu ya mlango, alisogea. Akachukua vipande viwili, akavitazama, akavibadilisha mikono, akavitazama.

"Kipi ni kipi?" aliuliza.

"Ningejua ningekuwa nimeketi hapa?"

Mama mkwe alikuwa ameisogeza karibu na pua picha iliyo kwenye kifuniko cha boksi. "Hebu niambie, mwanangu. Huu ukuta una nini?"

"Ni ukuta tu, Mama."

"Ukuta gani hauna hata ufa? Chumba cha dobi, mvuke asubuhi hadi jioni, haukubabuka popote? Hakuna hata msumari wa kutundika nguo?"

"Watu hawatazami ukuta."

"Mimi nautazama tangu juzi."

Rangi aliinuka kitini. Alikichukua kipande kimoja akaenda nacho dirishani. Hakikuwa na kitu. Alirudi akachukua kingine, na kingine, akavipanga juu ya kizingiti cha dirisha kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa kahawia ileile, mfuto wa brashi pana iliyopita haraka kutoka kushoto kwenda kulia. Aliukumbuka mkono wake mwenyewe ukiipitisha ile brashi. Nyuso zilikuwa zimemchosha, alitaka kumaliza, akafunika sehemu yote iliyobaki kabla hata kahawa haijapoa. Na miaka yote watu waliisifu ile picha, naye akazipokea sifa kwa picha nzima.

Asubuhi alifungasha brashi na mirija ya rangi kwenye mkoba, akaenda zahanati.

Picha ilikuwa palepale, juu ya benchi la wagonjwa. Alisimama mbele yake, na kwa vile sasa alikwisha kuuona, ukuta ule haukumwacha aone kitu kingine. Ulikuwa umekaa pale kama mtu aliyelala katikati ya mkutano. Alimwendea karani wa mapokezi, akajitambulisha, akaeleza kwamba anaomba kukaa na picha ile kwa siku mbili tatu, hapohapo, hatasumbua mtu, kuna sehemu anataka kuimalizia.

"Kumalizia?" Karani aliitazama picha. "Mbona imekwisha?"

"Haijaisha. Huo ukuta."

"Ukuta una nini?"

"Ndiyo hilo. Hauna kitu."

Karani alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa anayekataa kutaja ugonjwa wake. Akaingia ofisi ya ndani kumwuliza mkuu wake, akarudi. "Amesema haiwezekani. Picha ni mali ya zahanati."

"Nimeichora mimi."

"Ndiyo, mama. Lakini ukaiuza."

"Naomba basi nizungumze naye mwenyewe."

"Yuko kwenye kikao." Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na mkuu alionekana waziwazi akichokonoa meno. Wote wawili waliliona hilo, na hakuna aliyelitaja.

Rangi alitoka na mkoba wake mzito. Alisimama kando ya barabara, jua limemkalia utosini, akajiona mjinga wa kwanza duniani: mtu anayefukuzwa asiirekebishe kazi yake mwenyewe. Hapo ndipo alipompigia Wifi.

"Umeridhika?" Wifi aliuliza bila salamu.

"Kisu ni kizuri. Rangi ziko sawa. Kila kitu chenu kiko sawa."

"Chetu."

"Kasoro iliyobaki ni ya kwangu. Ukuta sikuuchora, Wifi. Niliupaka tu. Mtu hawezi kuuunganisha, hauna alama yoyote ya kushika. Nipe mwezi mmoja. Nitachora upya picha yote."

Kisha Wifi akaanza kucheka, lakini si kicheko cha furaha. "Nyani haoni kundule," alisema. "Umenivua nguo mbele ya wafanyakazi kwa ajili ya ulimi wa kadibodi. Nikaweka kazi yangu rehani kwa ajili ya kisu chako. Leo unaniambia picha yenyewe ndiyo bora liende?"

"Ndiyo."

"Hukuweza kuniambia mapema?"

"Sikujua. Wallahi sikujua. Na lile neno la kiwandani, nisamehe. Sikujua kuwa ni wewe uliyepitisha."

"Ungejua ungesema nini?"

Rangi alifikiri. "Ningekuambia pembeni."

Wifi alishusha pumzi ndefu. "Hakuna mwezi, Rangi. Hakuna hata wiki. Kisu kimeshachongwa kwa picha hiyo, na bosi ananisubiri nikosee. Sema ndiyo."

Lori lilipita, likampiga vumbi usoni. Rangi alisema ndiyo.

Alidhani hapo mambo yamekwisha, kwamba mchezo utatoka, watu watakwama ukutani, watalaani, watarudisha madukani, naye atakufa kifo kidogo cha aibu kisha maisha yaendelee. Haikuwa hivyo. Wifi hakuwa msimamizi wa mauzo bure. Maboksi yalipotoka, chini ya jina la Rangi palikuwa na maandishi mekundu: KWA WENYE SUBIRA TU.

Watu waligombania. Kila mtu aliyejiona ana subira alitaka kuithibitisha. Mwenye duka la vitabu alimsimamisha njiani, akamshika mikono yote miwili. "Ukuta wako ni balaa! Mimi na mke wangu tumenuniana siku nne. Uliwezaje kufikiria kitu kama kile?"

"Sikufikiria," Rangi alisema.

"Ona unyenyekevu!"

Kila sifa ilimwingia kama punje ya chumvi kwenye kidonda. Alijaribu kueleza mara moja, mara mbili. Wakacheka, wakidhani anatania. Mama mkwe pekee ndiye aliyeacha kuzungumzia jambo hilo. Alikuwa bado anauunganisha ule ukuta kwenye ubao aliotengenezewa na Bwana Baridi ili meza irudi kwa wenyewe, na hakutaka msaada wa mtu.

Mwisho Wifi alikuja, na safari hii alivua viatu vyote viwili. Walikuwa wamesalimiana kwenye shughuli za familia, salamu za juujuu, lakini hakuwa ameketi nyumbani mle tangu siku ya kiwandani. Alimkuta Rangi kwenye chumba cha kazi, akasimama nyuma yake.

"Bosi anataka ya pili," alisema. "Anasema tafadhali, ukuta uwe mkubwa zaidi. Ikiwezekana ukuta mtupu, na mtu mmoja kwa mbali."

Rangi hakugeuka. Mbele yake palikuwa na turubai jipya, chumba kilekile cha dobi, ila wanawake walikuwa bado michoro ya mkaa tu. Alikuwa ameanza na ukuta. Alikuwa akiuhangaikia wiki ya tatu sasa, ameukwangua mara mbili, kwa hasira, akaanza tena. Palikuwa na chokaa iliyovimba kwa unyevu, alama za mikono ya mafuta karibu na swichi, mstari wa penseli ambapo mtu aliwahi kupima rafu asiiweke, misumari, kutu iliyochuruzika chini ya misumari.

Wifi alisogea karibu. Aliufuata ukuta kwa macho, msumari hadi msumari.

"Hii haitauzika, Rangi," alisema mwishowe, kwa upole kuliko kawaida yake. "Kila kipande kina alama yake. Watu wataimaliza kabla chai haijapoa."

"Waimalize."

"Na bosi nimwambie nini?"

"Mwambie sijui kuchora ukuta mtupu," Rangi alisema. "Na usogee kidogo, wifi yangu. Umeniziba mwanga."